Perege wa Nyumba ya Mungu wanazidi kuwa wadogo: tupande vifaranga kama walivyofanya kwa walleye?

Mwana_Kikuletwa (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mwenye ujuzi wa samaki wa maziwa anisaidie hili la Bwawa la Nyumba ya Mungu. Watu wa Ziwa Jipe na Ziwa Babati nadhani nao watajikuta humu.

Perege wanaoshushwa mialoni (fukwe za kushushia samaki) siku hizi wengi ni wa kiganja. Kilo moja inaingia samaki kumi na zaidi, na wakifika soko la Mbuyuni wanapangwa kwa mafungu maana hakuna wa kuuzwa mmoja mmoja. Wavuvi nao wanashusha jicho la wavu (ukubwa wa tundu lake): aliyekuwa na inchi tatu na nusu yuko kwenye tatu, wa tatu yuko mbili na nusu, na makokoro (nyavu za kukokota) yanaingia usiku. Kambare wapo, ila si wale wa kubebwa begani.

Kwenye kikao cha BMU (kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi) kuna kambi tatu. Wa kwanza wanataka bwawa lifungwe mwaka mzima. Wa pili wanasema tuchange, tununue vifaranga vya sato (jamaa ya perege, wa Ziwa Victoria) tumwage. Wa tatu wanasema ni maji tu, yakijaa samaki watarudi wenyewe. Huyo wa vifaranga ameleta hoja iliyokamata watu: Marekani, jimbo la Minnesota, kuna ziwa linaitwa Red Lake ambako samaki wao mkuu, walleye, alikuwa amekwisha kabisa. Wakafunga, wakapanda vifaranga, na leo watu wanavua.

Maswali yangu: mfano huo unatufaa? Tunajuaje kama samaki wanamalizwa au wamedumaa tu? Na kikundi chenye mizani, daftari na vijana wawili kinaweza kupima nini chenye maana kabla ya kwenda kwa ofisa uvuvi wa wilaya?

---

Jicho_la_Wavu (Arusha)

Mkuu, mfano wa Red Lake ni wa kweli, ila mmeletewa nusu yake.

Walleye wa ziwa lile walivunwa kupita kiasi kwa miaka mingi, hadi katikati ya miaka ya 1990 wakawa wameanguka. Ziwa lina wenyewe wawili: sehemu kubwa ni ya kabila la Red Lake, nyingine iko chini ya jimbo. Kabila walisimamisha uvuvi wao wa biashara mwaka 1997, jimbo likafunga upande wake 1999. Vifaranga vilimwagwa 1999, 2001 na 2003, mamilioni kwa mamilioni kila awamu. Uvuvi ulifunguliwa 2006, tena kwa kiwango cha kuvuna kilichopangwa kila upande. Kwa hiyo si "walifunga wakapanda". Walifunga miaka saba na zaidi, pande zote mbili kwa pamoja, na walipofungua hawakuacha kila mtu ajichotee.

Sasa kwa nini vifaranga vilishika? Walleye anataga mara moja tu kwa mwaka, barafu ikishayeyuka, maji yakiwa kwenye nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi. Anamwaga mayai juu ya changarawe na kuondoka, hakuna mzazi anayelinda. Jike huchukua miaka kadhaa kukomaa. Akiwa mkubwa anabeba mayai zaidi ya laki moja, lakini yatakayopona yanategemea upepo na joto la wiki chache hizo. Ndiyo maana uvuvi wao unabebwa na marika, yaani samaki waliozaliwa mwaka mmoja: Ziwa Erie lilivuna rika moja la 2003 kwa miaka mingi. Red Lake lenyewe lilikuwa zima, mazalia yalikuwa mazima, waliokosekana ni wazazi. Ukimwaga vifaranga mahali kama hapo unaziba pengo lililopo kweli.

Perege yuko kinyume karibu kwa kila kitu. Dume anachimba kiota kwenye maji ya nusu mita hadi mita mbili, jike anataga mia chache hadi elfu na kitu, anayaokota mdomoni na kukaa nayo wiki moja na nusu hivi, hadi watoto waweze kujitegemea. Anarudia mara kadhaa kwa mwaka, na anaweza kuanza kabla hajatimiza mwaka mmoja. Samaki wa namna hiyo ni nadra kuishiwa watoto. Anachokosa ni ukingo wa kuzalia na muda wa kukua. Kumwaga vifaranga hapo ni kuongeza walaji kwenye sinia lilelile.

Tena angalieni ni vifaranga gani mnavyotaka kununua. Wazalishaji wengi wanauza sato waliogeuzwa kuwa madume kwa chakula chenye homoni katika wiki tatu nne za mwanzo. Kwa bwawa la shambani ni sawa kabisa, ndicho mfugaji anachotaka. Ziwani hawatazaa wao kwa wao, lakini madume hao wana mbegu hai na wanaweza kupandana na majike wa asili. Majike wachache waliopenya, au sato ambao hawakupewa homoni, nao watapandana na perege wa asili. Bonde la Pangani lina perege wake, Oreochromis jipe, aliyeko kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Tayari wageni kutoka Ziwa Victoria wameshaingizwa bonde hili zamani. Kuongeza wengine ni kumalizia kazi. Na kuhamisha samaki kutoka maji haya kwenda yale ni jambo la kibali, si la mchango wa kikao.

Cha kuchukua kwa watu wa walleye ni kipimo chao. Jimbo la Ontario, Kanada, wana utaratibu mmoja kwa maziwa ya walleye: wavu wenye vipande vinane vya macho tofauti, milimita 25 hadi 152, unategwa kabla ya majira ya baridi, maji yakishuka kutoka nyuzi 15 kwenda 10, unalala kama saa 24. Kila samaki anapimwa urefu, uzito, jinsia na ukomavu, na umri wake unasomwa kwenye kijiwe cha sikio. Siri yake ni moja: wavu uleule, majira yaleyale, muda uleule, mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo unaweza kulinganisha.

Kuhusu swali lako la pili, "samaki wadogo" ni dalili ya magonjwa matatu, na dawa zake zinapingana:

Wakiwa wadogo, wengi, wembamba, na majike wa sentimita 13 au 14 wana mayai, hao wamedumaa. Chakula hakitoshi au mazingira yamewabana, wameamua kuzaa mapema. Ukifunga bwawa hapo unazidisha msongamano.

Wakiwa wadogo, wanene wazuri, lakini hawajakomaa, na wakubwa hawaonekani kabisa, hao wanavunwa kabla ya wakati. Dawa ni jicho la wavu.

Wakiwa wachache, na waliopo ni wakubwa, wadogo hakuna, basi uzazi umekatika. Hapo ndipo mfano wa Red Lake ungeanza kuwa na maana, na hata hapo utauliza kwanza mazalia yamepatwa na nini.

Kwa unavyoeleza nakisia la pili likichanganyika na la kwanza kidogo. Lakini kukisia hakutoshi, pimeni.

---

BintiJipe (Moshi)

Kaka Mwana_Kikuletwa, niongezee upande wa kupima maana hapo ndipo watu wengi wanaharibu.

Ubao: mbao laini ya sentimita 60, upande mmoja pigilia kipande kilichosimama wima, sifuri ya futi ianzie hapo. Futi ya chuma au ya plastiki ngumu, si ile ya fundi cherehani, inavutika ikilowa. Samaki alazwe pua ikigusa kizuizi, mdomo umefungwa, mkia umebanwa, soma hadi ncha. Andika kwa sentimita kamili ya chini: 17.8 ni 17. Wote wapime hivyohivyo, la sivyo daftari lina vipimo viwili vilivyochanganyika na hakuna atakayejua.

Pimeni wabichi tu. Perege wa kukaushwa au wa moshi amesinyaa, na aliyekaa juani kwenye mtumbwi saa nne amepoteza uzito. Wa chini ya gramu 20 wapimeni kumi pamoja mgawe, mizani ya duka haimwoni mmoja.

Kubwa kuliko yote: mpime kabla ya wachuuzi kuchagua. Mama wa samaki akishatoa wakubwa wake, kilichobaki si picha ya ziwa, ni picha ya mabaki. Chukueni ndoo moja nzima kutoka kwenye mtumbwi, bila kuchagua, mpime wote waliomo hata kama ni 70. Mitumbwi mitatu minne inatosha kwa siku. Kwa mwezi mkipata samaki 200 hadi 300 mna kitu. Kila mtumbwi uandikwe: jicho la wavu, vipande vingapi, umetegwa saa ngapi, umetolewa saa ngapi, wapi, kilo ngapi kwa jumla. Bila jicho la wavu urefu wa samaki hauna maana, maana wavu ndiyo uliochagua. Na muwe mnapima wakati uleule wa mwezi wa angani. Mbalamwezi ikiwa kali samaki wanauona wavu, kilo zinashuka, mtu anaandika "samaki wamepungua".

Hesabu ya unene ni rahisi: uzito kwa gramu mara 100, gawa kwa urefu mara urefu mara urefu, kwa sentimita. Perege wa sentimita 20 mwenye gramu 150: 15,000 gawa kwa 8,000, ni 1.88. Huyo ameshiba. Akiwa na gramu 110 ni 1.38, huyo ana njaa au ametoka kulea. Msitazame samaki mmoja, chukueni wastani wa kila urefu, na majike wenye mayai yaliyoiva muwaweke pembeni maana mayai yanaongeza uzito.

Ukomavu: pasueni tumbo kuanzia tundu la haja kwenda mbele, taratibu. Mayai yaliyoiva ni ya rangi ya njano iliyokolea au kijani cha zeituni, makubwa, yanaonekana moja moja bila kioo. Ambaye bado ana utepe mwembamba mweupe au wa waridi. Kosa la kawaida ni kumwita "hajakomaa" jike ambaye alikuwa na mayai mdomoni. Akinaswa anatema yote majini. Angalieni ngozi ya chini ya taya, ikiwa imelegea kama mfuko mtupu, na ndani ya tumbo mfuko wa mayai umenywea lakini ni mnene na mwekundu, huyo ni mama mzazi. Mkipata kama majike 100 kwa msimu, wapangeni kwa kila sentimita: urefu ambao nusu yao wamekomaa ndio mstari wenu. Kila kitu kingine kinapimwa kutoka hapo.

Umri msihangaike nao. Kijiwe cha sikio cha walleye kina mistari ya baridi na joto kama ya mti. Huku kwetu mistari ipo lakini si lazima iwe mmoja kwa mwaka, kazi hiyo waachieni TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania).

---

Mwana_Kikuletwa (Moshi)

Asante sana dada, na wewe mkuu Jicho. Hili la magonjwa matatu nalipeleka kikaoni kama lilivyo. Maswali mawili ya haraka: wavu wa inchi tatu kwa kawaida unakamata perege wa urefu gani? Na tukitaka kutega wavu wa macho mchanganyiko kama hao wa Ontario, si tutakamatwa na macho madogo?

---

Jicho_la_Wavu (Arusha)

Mtakamatwa, na itakuwa halali yao. Macho madogo kwa utafiti yanahitaji kibali, ombeni kupitia ofisa uvuvi, na ikiwezekana TAFIRI wawepo. Mkikosa, msitege. Tumieni nyavu za wavuvi zilizopo, kila jicho kwenye ukurasa wake.

Kwa perege, ambaye ni mpana, urefu unaonaswa zaidi ni kama mara 2.2 hadi 2.5 ya jicho lililovutwa. Kwa hiyo inchi 2½ (milimita 64) ni sentimita 14 hadi 16. Inchi 3 (76) ni 17 hadi 19. Inchi 3½ (89) ni 20 hadi 22. Inchi 4 (102) ni 22 hadi 25. Ile ya inchi 5 inayotumika kwa sato wa Ziwa Victoria ni 28 hadi 32. Ni makadirio, na wavu uliolegezwa sana kwenye kamba unavuruga yote, maana unafunga samaki kwa kumzungushia badala ya kumshika shingoni.

Sasa weka mstari wa dada hapo juu. Tuseme mkikuta nusu ya majike wanakomaa kwenye sentimita 16. Wavu wa 2½ unawachukua kabla hawajazaa hata mara moja, wa 3 unawachukua baada ya uzazi mmoja au miwili. Kutoka mbili na nusu kwenda tatu ni nusu inchi tu kwa mdomo, kwa samaki ni tofauti ya kuacha mbegu na kutoacha.

Na msiamini lebo ya dukani. Loweka wavu, uvute jicho kwa pembe hadi likaze, pima macho kumi mfululizo, fundo hadi fundo, gawa kwa kumi. Wa inchi tatu, macho kumi kwa pamoja yatoe sentimita 76, yaani 7.6 kwa jicho. Ukipata 70, huo ni wa inchi mbili na robo tatu, hata kama umeandikwa vingine.

---

Mwalo_wa_Zamani

Vijana mmeeleza vizuri. Mimi nina ugomvi na mawili.

La kwanza, mnaongea kama kufunga bwawa hakuna kazi. Kuna kazi. Bwawa hili limewahi kufungwa, na perege wa sentimita 12 akiachwa mwaka mzima unamkuta amekuwa samaki wa kuuzwa mmoja mmoja. Tatizo ni siku ya kufungua. Mitumbwi yote iliyokaa nje inaingia asubuhi moja, na mingine iliyoundwa wakati bwawa limefungwa, nyavu zilezile, na faida ya mwaka inaondoka kwa wiki chache. Walionufaika ni wenye mitaji waliosubiri, na mvuvi wa kawaida amekaa mwaka mzima bila kula. Kama mnafunga, idadi ya mitumbwi na jicho la wavu viamuliwe kabla ya kufunga, si baada ya kufungua.

La pili, jicho la wavu peke yake halitoshi kokoro likiwepo. Kokoro halichagui. Linafagia palepale kwenye nusu mita hadi mita mbili ambako dume amechimba kiota, na majike wenye watoto mdomoni wanakimbilia hapohapo kwenye majani. Kuvuta mara moja kwenye ghuba ndogo kunamaliza kazi ya wiki kadhaa. Kama mna nguvu ya kusimamia jambo moja tu, simamieni kokoro na katuli (kupiga maji kuwafukuzia samaki wavuni) ukingoni. Timba (nyavu za uzi mmoja wa plastiki) ziwe za pili.

Badala ya kufunga bwawa zima, fungeni sehemu, na zifungwe daima: midomo ya mito ya Kikuletwa na Ruvu inapoingia, na ghuba mbili tatu zenye majani. Wekeni maboya, mtu aone mpaka. Sehemu ndogo inayolindwa kweli inazaa kuliko bwawa zima lililofungwa kwa karatasi.

Kuhusu kubadilisha jicho, msiwaambie watu wachome nyavu kesho. Wavu wa nailoni ukitumika kila siku unachakaa kwa mwaka hivi. Tangazeni tarehe: kuanzia hapo kila wavu mpya unaoingia mwaloni usipungue inchi tatu, mwaka unaofuata tatu na nusu, na uandikishwe kabla haujalowa. Mvuvi hapotezi mtaji wake, na wenye maduka Moshi wataacha kuleta wa mbili na nusu wakiona hauuziki.

Na hili la Red Lake kuwa na wenyewe wawili mlipite polepole. Bwawa letu lina wilaya tatu, Mwanga, Simanjiro na Moshi, kwenye mikoa miwili. BMU ya upande mmoja ikipandisha jicho na ng'ambo hawajapandisha, mmewafugia jirani zenu samaki. Kikao cha kwanza kiwe cha pande zote, hata kabla ya kununua ubao wa kupimia.

---

BintiJipe (Moshi)

Shikamoo mzee. Kwenye mitumbwi nakubaliana na wewe moja kwa moja. Ila kikao cha pande zote bila takwimu kitakuwa cha kulaumiana, kila upande utasema kokoro ni za wenzao. Miezi mitatu ya daftari kwanza, hata kwa mwalo mmoja.

---

Mwalo_wa_Zamani

Marahaba binti. Mitatu sawa, mkizidisha mtafika masika hakuna kilichofanyika.

---

Maji_ya_Pangani (Moshi)

Naona kambi ya tatu, ya "ni maji", imesahaulika. Haina ukweli wote, lakini ina sehemu yake.

Nyumba ya Mungu ni bwawa la kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme, lilianza kujaa mwishoni mwa 1965 pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana. Kina chake si kirefu kwa eneo kubwa, kwa hiyo maji yakishuka mita moja tu, ukingo unarudi nyuma mbali sana. Fikirieni hilo kwa samaki anayechimba kiota kwenye nusu mita. Maji yakishuka haraka viota vinabaki kwenye matope makavu, na majani ambako watoto wanajificha yanabaki nchi kavu. Yakipanda polepole baada ya masika yanafunika nyasi mpya na kinyesi cha ng'ombe, chakula kinajaa, na watoto wanapona kwa wingi. Hivyo kuna miaka mizuri na mibaya hata kama nyavu hazijabadilika.

Ndiyo maana nashauri mtege mti wenye alama za sentimita mahali pasipokauka, msome kila wiki, muweke kwenye daftari lilelile la samaki. Usomaji rasmi wa kina cha bwawa upo pia, ofisi ya Bonde la Pangani iko hapahapa Moshi, BMU ikiandika barua ya kuomba si jambo la ajabu. Bila safu ya maji, mwaka wa ukame mtausoma kama ushahidi wa uvuvi haramu, na mwaka wa mafuriko mtajipongeza bure.

Kingine, muwe waangalifu na kumbukumbu za wazee (samahani mzee wangu). Bwawa jipya linapojaa linafunika udongo na mimea, rutuba inamwagika majini, samaki wanalipuka. Hapa ilitokea hivyo: miaka michache baada ya kujaa uvunaji ulipanda sana, kilele kikawa karibu na 1970, kisha ukaporomoka. Ni tabia ya mabwawa mengi. Anayelinganisha leo na wakati ule analinganisha na sherehe, si na siku za kawaida.

Hao wa walleye nao wana somo hapa. Mille Lacs, ziwa jingine la Minnesota, kwa miaka mingi kuanzia 2013 masharti ya kuvuna yalibanwa vikali na ubishi haukuisha, kwa sababu si nyavu wala ndoano peke yake. Maji yamekuwa maangavu mno, kome wa kigeni walioingia miaka ya 2000 wakazidisha kuyachuja, na walleye ana macho ya kuwindia gizani. Akipoteza ukungu wa majini anapoteza uwanja wake. Ziwa likibadilika, kiwango cha zamani cha kuvuna hakirudi kwa kufunga tu.

Kwetu ni kinyume, maji yanachafuka kwa udongo unaoletwa na mito. Kateni sahani ya bati ya sentimita 20, igaweni robo nne, pakeni nyeusi na nyeupe kwa kupishana, ifungeni uzito na kamba yenye alama kila sentimita 10. Ishusheni upande wa kivuli wa mtumbwi, mchana, hadi ipotee, ipandisheni hadi ionekane, wastani wa hizo mbili ndio uangavu. Mkiona unashuka mwaka hadi mwaka kwenye mdomo wa mto na perege wembamba wako hapohapo, tatizo linatoka mashambani juu na wavuvi wanasingiziwa. Jipe wanalijua hili kuliko sisi: tope na mafunjo vimekula ziwa.

Na mkikuta samaki wanapumulia juu alfajiri, wakubwa wakitangulia kufa, hiyo ni oksijeni. Msikimbilie kusema sumu. Sumu inaua saa yoyote, na inaua wakubwa kwa wadogo. Chukueni saa na picha, muite ofisa kabla hawajaoza.

---

Mwana_Kikuletwa (Moshi)

Shikamoo Mzee wa Mwalo, na asanteni wote. Tumekubaliana mwalo mmoja, vijana wawili, siku nne za kupima kila mwezi. Ya vifaranga tumeiweka pembeni. Kuna anayeweza kunipa safu za daftari zikae kwenye mstari mmoja, maana mwandishi wetu hapendi mambo mengi?

---

BintiJipe (Moshi)

Fanyeni kurasa mbili, kaka, mstari mmoja utawachanganya.

Ukurasa wa mtumbwi: tarehe, mwezi wa angani (mchanga, nusu, mpevu, giza), alama ya mti wa maji, eneo alikotega, jicho lililopimwa (si aliloambiwa), vipande vingapi, saa ya kutega, saa ya kutoa, kilo za perege, kilo za kambare, kilo za wengine.

Ukurasa wa samaki: namba ya mtumbwi, aina, urefu, uzito, jike au dume, amekomaa au bado.

Kilo gawa kwa vipande vya wavu ndio mavuno ya usiku mmoja kwa kipande, andika pembeni kwa penseli. Majina ya wavuvi yasiwepo, tumieni namba. Wakishajua daftari linaweza kuwapeleka kwa askari watawaficha samaki wadogo chini ya mtumbwi, na hao ndio mnaowatafuta.